Theluji Iache Mwisho: Kufundisha Hali ya Hewa na Majira kwa Kihispania Hapa Mombasa

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kihispania kwenye klabu ya lugha katika shule moja ya msingi huku Kisauni. Watoto ni 34, wa miaka 10 hadi 12, na tuna kipindi kimoja kwa wiki cha dakika 40. Salamu, rangi na hesabu wamezishika vizuri, lakini tulipofika hali ya hewa na majira nimekwama. Kitabu nilicho nacho kinaanza na majira manne, na picha za theluji na majani mekundu. Watoto wanaimba “primavera, verano, otoño, invierno” kama kasida, wiki ijayo hakuna anayekumbuka lipi ni lipi. Na wale wanaojaribu kusema kitu wananiambia “hay calor” badala ya “hace calor”, yaani kuna joto. Nianzie wapi, na nitumie michezo gani?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Anzia dirishani, na yale majira manne uyafungie kabatini kwa wiki nne za mwanzo. Kitabu chako si kibaya, ila aliyekiandika alikuwa akitazama nje ya dirisha lake, si lako. Mtoto wa Kisauni akiambiwa “invierno” hana pa kulitundika neno hilo. Hajavaa glavu maishani mwake. Anabaki na sauti tupu, na sauti tupu haikai wiki.

Kosa hili nililifanya mwenyewe nilipoanza kazi. Nilichora chati ya manila, nikaandika primavera ni masika, verano ni kiangazi, otoño ni vuli, invierno ni kipupwe. Nne kwa nne, nikajiona fundi. Msichana mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono: “Mwalimu, mbona primavera ina maua na vipepeo, na masika ni matope na mitaro kufurika?” Sikuwa na jibu. Chati niliishusha siku ile ile. Masika yetu yaja na mvua na kugeuka kwa pepo. Primavera ya Madrid yaja na mchana kurefuka baada ya baridi. Kukutana kwao kwenye kalenda ni bahati tu, na Buenos Aires hawakutani hata huko, kwa maana primavera ya kule huanza Septemba.

Basi hali ya hewa kwanza. Kila kipindi mteue mtabiri wa zamu. Atoke nje, asimame uwanjani huku akihesabu hadi ishirini kwa Kihispania, kisha arudi mlangoni. Darasa zima limwulize: “¿Qué tiempo hace?”, yaani hali ya hewa ikoje? Naye ajibu yale ambayo ngozi yake imemwambia: “Hace calor. Hace viento.” Asiruhusiwe kuangalia ubao. Akikwama, arudi nje akahesabu tena, na hapo wenzake hucheka na yeye hupata muda wa kukumbuka. Mchezo huu hauchukui zaidi ya dakika tatu, lakini ndio utakaobeba somo zima, kwa sababu neno linakutana na joto lenyewe mgongoni mwa mtoto.

Kwa kuwa mnakutana mara moja kwa wiki, wape watoto wawili wawili zamu ya kutazama kila siku wakati wa mapumziko na kubandika kizibo cha soda kwenye kalenda ya manila ukutani. Chagueni wenyewe kizibo cha rangi gani ni jua, kipi ni mawingu, kipi ni mvua. Mwisho wa mwezi mnahesabu: “doce días de sol, cinco días de lluvia”, siku kumi na mbili za jua, tano za mvua. Hesabu zao mnazifufua bila kuzifundisha upya.

Maneno yasizidi manane mwanzoni: hace calor (joto), hace fresco (ubaridi kidogo), hace sol (jua), hace viento (upepo), está nublado (mawingu yametanda), llueve (mvua inanyesha), hay nubes (kuna mawingu), hay tormenta (kuna dhoruba). “Hay niebla”, kuna ukungu, waachie watu wa Limuru. Hilo “hace fresco” usilipuuze hata kidogo, maana ndilo neno la Mombasa la mwezi wa saba, asubuhi ile ambapo vijana wa bodaboda wamevaa majaketi hadi shingoni na mgeni kutoka Ulaya anapita na kaptula. Watoto watabishana: sisi tunasema “hace frío” (baridi), yeye anasema “hace calor”. Waache wabishane. Ubishi wa kweli kwa Kihispania cha maneno mawili ni bora kuliko nyimbo kumi.

Sasa “hay calor”. Hilo kosa lina mantiki, na ukiliona hivyo hutamkaripia mtoto. Sisi tunasema kuna joto, kuna baridi, kuna upepo, kuna mawingu. Mtoto amejifunza kwamba “hay” ni “kuna”, akatafsiri kwa uaminifu. Kihispania nacho kimegawa hali ya hewa kwenye kapu tatu. Kapu la “hace”, yaani “inafanya”, lina joto, baridi, jua, upepo, na hali nzuri au mbaya kwa jumla: hace buen tiempo, hace mal tiempo. Kapu la “está” lina namna mbingu ilivyo sasa hivi: está nublado, está despejado (mbingu safi), está lloviendo (mvua inanyesha). Kapu la “hay” lina vitu vilivyopo, unavyoweza kuvionyesha kwa kidole: nubes, tormenta, relámpagos (umeme wa radi). Mvua na theluji wana vitenzi vyao kamili, llueve na nieva, hawahitaji msaada wa mtu.

Hapo pia kuna mtego wetu. Kiswahili humpa kila mmoja kazi yake: mvua inanyesha, jua linawaka, upepo unavuma. Kwa hiyo mtoto wa kwetu atakuambia “la lluvia llueve”, na hajakosea kufikiri, amekosea lugha tu. Mwambie kwamba Mhispania akisema “llueve” mvua tayari imo ndani, kama ilivyo kwetu mtu akisema “kumekucha” bila kumtaja aliyekucha.

Mchezo wa kapu hizo uufanyie nje. Chukua kamba tatu, utandaze duara tatu chini, kila duara na neno lake: hace, está, hay. Mtoto mmoja asimame katikati na kadi. Akiinua picha ya jua, wote wakimbilie duara sahihi na kupaza sauti ya sentensi nzima. Sentensi nzima, mwalimu, si neno moja. Anayesema “sol” peke yake bado yuko nje. Kwa watoto 34 gawa makundi mawili, kundi moja likimbie na jingine lihukumu, la sivyo utaishia na goti lililochubuka. Kundi la wahukumu husikiliza kuliko wakimbiaji, na mara nyingi ndilo linalojifunza zaidi.

Kuna jambo dogo la “sana”. Kwetu “sana” inatosha kila mahali: joto sana, mawingu sana. Wao husema “hace mucho calor” lakini “está muy nublado”. Usilieleze kwa istilahi. Watie watoto wachezeshe mikono: mucho, mikono inafunguka kama anayebeba furushi, maana calor ni kitu na kinabebeka, muy, kidole kinapanda juu, maana nublado ni sifa. Wiki mbili za mikono, kosa linapungua lenyewe.

Na jambo la mwili. Mtoto akitaka kusema anasikia baridi, hapo usipitie “kusikia”, pitia njaa. Kiswahili na Kihispania hapa ni ndugu: nina njaa, tengo hambre, nina kiu, tengo sed, nina usingizi, tengo sueño. Kisha endelea kwa mkondo huo huo: tengo frío, tengo calor. Anza na njaa saa sita kasorobo, kabla ya chakula cha mchana, utaona walivyo wakweli. Faida nyingine ni kwamba unawakinga wasije kusema “estoy caliente”, sentensi ambayo haifai kusemwa mbele za watu. Sababu si lazima uwaambie.

Kuhusu matamshi, wewe una bahati ambayo mwalimu wa Nairobi angeililia. Watoto wa pwani waliopita chuoni, yaani madrasa, wana sauti ambazo wanafunzi wengine huzihangaikia miezi. D ya katikati ya “nublado” ni dh ya dhahabu. G ya katikati ya “relámpago” ni gh ya ghali, nyepesi kidogo. C ya “hace” sehemu kubwa ya Hispania ni th ya thelathini, na Amerika ya Kusini ni s ya kawaida. Chagua moja na uishikilie. Ñ ya “otoño” ni ny ya nyota. H haitamkwi, hilo tu ndilo la kupigania. Irabu ni tano, na ni zetu zile zile. Waambie hivi siku ya kwanza, wajue hawaendi ugenini kabisa.

Sasa majira. Hapa nina ugomvi na vitabu vingi, kwa sababu hufundisha kana kwamba kila anayesema Kihispania anaishi kwenye majira manne. Si kweli. Kihispania ni lugha rasmi ya nchi 20, na nyingi ziko kwenye ukanda wa joto kama sisi. Moja iko hapa hapa Afrika, Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka kwa Hispania mwaka 1968. Mtoto wa Malabo hana primavera ya kuizungumzia mtaani kwao. Ana estación seca, majira makavu, na estación lluviosa, majira ya mvua. Mtoto wako wa Kisauni anayo hayo hayo. Basi anza na hayo mawili, na ukitaka la tatu chukua “temporada de lluvias”, msimu wa mvua, maana utalikuta sana.

Costa Rica ndiko kunakofurahisha. Wao maneno “verano” na “invierno” wanayatumia, lakini verano kwao ni kiangazi cha Desemba hadi Aprili, na invierno ni mvua za Mei hadi Novemba, hata kama jasho linatoka. Mtu wa San José akija Mombasa mwezi wa tano akakuta Mwembe Tayari imefurika, atakuambia “es invierno”. Mpe mtoto wako kisa hicho na utamwona akifikiri: kumbe neno hilo hilo linabadilika kufuata ardhi. Hilo halimo kwenye wimbo.

Ukishafika hapo, tumia pepo. Watoto ambao wazee wao ni wavuvi au manahodha wanajua kaskazi na kusi, na wengine hata tangambili, kipindi cha kati ya pepo hizo. Wape kazi ya nyumbani: kaulize babu au bibi, upepo wa sasa ni upi, watoka wapi, waja na nini. Wakirudi na majibu, chora dira sakafuni kwa chaki, norte, sur, este, oeste, na kila mtoto asimame upande upepo wake unakotoka: “El kaskazi viene del noreste. Hace calor.” “El kusi viene del sureste. Hace fresco.” Usitafsiri kaskazi. Ni jina, liache lilivyo, kama tunavyoacha majina ya watu.

Halafu waonyeshe neno “monzón”. Wahispania walilipata kwa Wareno, “monção”, nao Wareno kwa Waarabu, “mawsim”, yaani wakati maalumu wa mwaka. Na “mawsim” ndilo lililotuzalia sisi “msimu”. Maneno mawili, baba mmoja, na baba huyo ndiye aliyekuwa akisukuma majahazi kuja bandari hii. Ukitaka jingine la ukoo huo, “hasta” ya “hasta mañana” ni “hatta” ya Kiarabu, ndiyo “hata” yetu. Usilifanye somo. Litupe tu wakati wa kuagana, walichukue nyumbani.

Majira manne yanakuja sasa, wiki ya tano, na yanakuja kama jiografia ya watu wengine. Chukua chungwa, kijiti cha mishikaki na tochi ya simu. Choma chungwa kwa kijiti, kiinamishe (dunia yenyewe imeinama nyuzi 23 na nusu), kisha funga madirisha. Tochi ni jua, isimame katikati. Mtoto alizunguke jua akiwa na chungwa bila kugeuza mwelekeo wa kijiti, na hapo ndipo wengi hukosea, msimamie. Karafuu mbili zilizochomekwa zitakuwa Madrid juu na Buenos Aires chini, na ya tatu kiunoni, chini kidogo ya ikweta, ni sisi. Wataona kwa macho yao kwamba Madrid ikiangaziwa vizuri, Buenos Aires inapata mwanga wa pembeni. “En Madrid es verano, en Buenos Aires es invierno.” Na karafuu yetu haipungukiwi sana popote chungwa linapozunguka.

Kama darasa lako lina wafungaji wa Ramadhani, una mfano mzuri kuliko chungwa. Mwaka mzima Magharibi yetu huadhiniwa baada ya saa kumi na mbili na kabla ya saa moja. Madrid mwezi Juni mchana una takriban saa 15, na jua linazama karibu saa nne usiku. Desemba mchana ni saa 9 na dakika chache. Waulize: ungependa kufungia Madrid katika verano au katika invierno? Nimeuliza swali hili mara nyingi, na sijaona darasa lililonyamaza. Wanajibu “¡en invierno!” kwa sauti moja, na tangu siku hiyo hakuna anayechanganya maneno hayo mawili, kwa sababu sasa yana njaa ndani yake.

Otoño unao mtaani. Tafuta mkungu, Mombasa ipo mingi, kwenye nyua za shule na kando ya barabara. Majani yake hugeuka mekundu kabla ya kuanguka, na huku kwetu haingoji Oktoba. Watoto waokote, waandike juu ya kila jani kwa kalamu ya wino mzito: “Las hojas caen”, majani yanaanguka. Waambie kwamba huko Hispania miti mingi hufanya hivi kwa pamoja, ndiyo otoño. Hiyo inatosha. Primavera mimi huipitia haraka, ila nawakumbusha kwamba ndiyo pekee yenye “la”, mengine matatu yana “el”. Mtoto aliyezaliwa na ngeli hatishiki na hilo.

Utakutana na vicheko pia. “Estación” ni majira, na ni kituo cha treni vilevile. Nilipowaambia, kijana mmoja akauliza kama Miritini, kituo chetu cha treni, ni majira ya tano. Na “tiempo” ni hali ya hewa na ni wakati pia. Usipoteze kipindi kwa hilo, “¿Qué tiempo hace?” ni ya hewa, “¿Qué hora es?” ni ya saa, yatosha.

Kazi ya kufungia mada naipenda iwe leso. Kila kundi lipewe karatasi kubwa ya manila, lichore pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina, kama leso ya kweli, na jina liwe methali ya Kihispania ya hali ya hewa. Nina mbili ambazo hunitosha. “Al mal tiempo, buena cara”: hewa ikichafuka, uso uwe mkunjufu. Hii ni leso kabisa, mama yeyote wa Old Town angeinunua. Na “En abril, aguas mil”: Aprili, maji elfu. Hii ilizaliwa Hispania, lakini watoto wa Mombasa wanaielewa bila kuelezwa, kwa sababu Aprili kwetu nako ndiko mvua za masika zinakoingia. Kwenye mji wachore picha ya methali. Kisha kila kundi lisimame na leso yake, lisome jina, lijibu maswali matatu ya wenzao. Huo ndio mtihani wako. Mtihani wa kuunganisha neno na picha kwa mstari hautakuambia lolote, mtoto hubahatisha nusu.

Umesema pia theluji, na sitaki uiruke. Watoto wanaipenda, wameiona kwenye katuni, na Kilimanjaro iko jirani tu. Ila iache mwisho, na ukiweza waletee. Mimi nilikwenda kwa mama mmoja mtaani anayeuza barafu za watoto, friji yake ilikuwa ya zamani na kuta zimejaa ule ukoko mweupe. Nikamwomba nimkwangulie. Alifurahi, friji yake ilisafishwa bure. Nikajaza chupa ya chai ya kuhifadhi moto, nikakimbilia darasani na tuktuk. Niliwaambia kwamba Mexico neno “nieve” ni theluji na pia ni kile kitamu cha barafu cha maji na matunda, kwa hiyo muuzaji wetu kule angeitwa muuza theluji. Kisha nikamwaga kidogo kwenye kila kiganja, na nikauliza, nikitegemea kusikia “hace frío”.

Mvulana mmoja aliyekuwa haongei kamwe akaangalia dirishani, jua la saa saba, kisha akaangalia kiganja chake kinachotiririka maji. “No, Mwalimu,” akasema. “Hace calor. La nieve está fría.”

Nilikuwa sijamfundisha hilo bado.